Raba za Breki

Jamani, mimi nilitoka nyumbani kununua raba za breki za baiskeli tu. Raba! Elfu mbili yake mkononi, na hela ya unga aliyonipa Mama Neema imekunjwa mfuko wa nyuma. Miezi minne nafunga breki kwa kandambili: nashusha mguu wa kulia, nasugua lami ya Shinyanga mpaka nisimame. Kandambili za kulia nimemaliza tatu. Za kushoto zote zipo uvunguni, mpya, hazina mwenzi.

Nafika kwa fundi pale chini ya mwarobaini, breki hata hakuitazama. Kashika cheni kwa vidole viwili pale mbele kwenye meno, kaivuta, ikanyanyuka mpaka nikaona mwanga upande wa pili. Kanitazama kama daktari anayetaka kuuliza umekuja na ndugu gani.

"Mzee, hii imekwisha."

"Nimekuja kwa raba, fundi."

Akatoa rula. Eti kuanzia pini ya 1 hadi ya 25 inatakiwa inchi 12 kamili, ikizidi thumuni tu ya inchi, toa. Yangu ilizidi robo na ushee. Nikamwambia imerefuka, kata pingili moja kama nifanyavyo siku zote. Akacheka mpaka na wacheza bao wakageuka. Kumbe chuma hakirefuki; pini zinalika kwa ndani, kila pingili inalegea kidogo. Na nani anazila? Mimi! Kila Jumapili naimwagia oili chafu ya gari, nasifiwa kwa utunzaji. Oili chafu ukichanganya na vumbi letu ni msasa. Ilitakiwa niifute kwa kitambaa, nidondoshee tone moja moja, kisha niifute tena.

Haya, duka la spea. "Nene au nyembamba?" Ya baiskeli, bwana! Kumbe nyembamba ni za wenye gia. "Ya Mhindi au ya Mchina?" Ndugu yangu, nanunua cheni au nachumbia?

Fundi akafunga. Kufuli ya cheni, ile pingili ya kuungia, ina kibanio. Upande uliozibwa utangulie cheni inakokwenda, mdomo ubaki nyuma, usije ukanasa kitu ukafunguka. Nikapanda, nikakanyaga pedeli. Kra! Ikaruka. Goti likagonga usukani.

"Friwili," akasema fundi, taratibu, kama anayetoa pole.

Meno ya friwili, kile kigurudumu cha nyuma kinachoshika cheni, yalishachongoka kama ya papa, yamezoeana na cheni mbovu miaka yote, nzuri hayaitaki. Ikanunuliwa friwili. Kutikisa krenki, ule mkono wa pedeli, inacheza: kotapini, ile pini inayoishikilia. Hiyo hutolewa kwa nyundo, na haijawahi kutoka nzima tangu baiskeli ziletwe nchini. Ikanunuliwa kotapini. Gololi mbili zilidondoka mchangani, tukazitafuta na watoto wa shule, mmoja akadai mia tano ya kuona.

Nilipouliza raba, mfuko wa nyuma ulikuwa umebaki na mshono.

Ila baiskeli, wacha! Imetulia kimya, inateleza kama samli. Zamani mtaa mzima ulinisikia kuanzia kwenye transfoma, krakacha krakacha, mbwa wananijua kwa mlio. Sasa nashuka mteremko wa kwetu hata kuku hageuki.

Kuku mwenyewe alikuwa sufuriani. Nakata kona ya uani, nawakuta wamekaa duara: Mama Neema, watoto wote, na shemeji yangu ambaye juzi aliniambia yuko Kahama. Ugali mkubwa, paja liko mkononi mwa shemeji. Mimi siku zote naachiwa dagaa! Kumbe ile krakacha ndiyo iliyokuwa inawapa muda wa kufunika.

Nikashusha mguu wa kulia kufunga breki. Kandambili ikakatika.

Nilisimamia kwenye sufuria.

Mama Neema akafuta mchuzi usoni, akaitazama baiskeli, akanitazama mimi.

"Baba Neema, na unga uko wapi?"