Kofia ya karatasi na kipara changu

Basi bwana, shemeji yangu anayesoma Ujerumani akatupeleka Prague, kule Cheki, mimi na mama watoto, na pa kwanza kabisa akasema twende makaburi ya zamani ya Wayahudi pale mtaa wa Josefov. Moyoni nikasema nauli yote hii kumbe tunaenda makaburini. Kuingia, wanaume tunapewa kofia ya karatasi, kile kikofia kidogo cha kukaa utosini, sasa mwenzenu nina kipara cha kung'aa, kofia inateleza tu, na baraghashia yangu nimeiacha hotelini eti nisionekane mshamba.

Mnapita kwanza sinagogi la Pinkas, kutani kumeandikwa majina ya Wayahudi wa Cheki karibu 80,000 waliouawa na Wanazi. Hapo hata shemeji, na domo lake lile, alinyamaza.

Ndo mnatokea makaburini. Aisee! Mawe kama 12,000 yamebanana kama abiria wa Mbagala jioni, jingine limemlalia mwenzake, maana walizikana hapo toka karne ya 15 mpaka 1787, eneo likajaa, na dini yao haitaki kaburi lifukuliwe, wakawa wanamwaga udongo juu wanazika tena, kuna sehemu inasemekana yamefika matabaka 12.

Tukafika kwa Rabi Löw aliyefariki 1609, yule wanayemsimulia kwamba alifinyanga mtu wa udongo akatembea, Golem. Watu wanamwekea vijiwe na vikaratasi vya maombi. Nainama niweke kijiwe changu, upepo huo, kofia hiyooo! Ikavuka kamba ikatua juu ya jiwe la marehemu wa watu huko ndani. Nimenyanyua mguu mmoja tu, mlinzi akanifokea Kicheki, sijui hata neno ila nilielewa vizuri sana. Nikaganda mguu juu. Shemeji anasema, "Shem usisogee, Golem mwenyewe huyo anakuja!" Wife hoi, kajishika mbavu.

Mlinzi kaniletea kofia nyingine, kanuna. Bibi mmoja mtalii akanionea huruma, akachomoa pini ya nywele kichwani kwake akanipa niibanie. Nimeishika, namwangalia, naye ananiangalia utosi... taratibu akanyoosha mkono akachukua pini yake.

Nikatembea kiganja kichwani mpaka mwisho, kila picha niliyopigwa siku ile utadhani naumwa kipandauso.