Vijungu vya maabara vifinyangwe hapahapa Lubumbashi

Shaba na kobalti yetu haipati bei mpaka maabara iseme ina kiasi gani cha madini. Wachimbaji wadogo wanalijua hilo kwa uchungu, maana mara nyingi mashine ya kupimia ni ya mnunuzi mwenyewe. Kuhusu mashine tumeshapiga kelele sana. Mimi leo nataka tuzungumze kuhusu kijungu cha kaure ambamo unga wa madini huchomwa na kupimwa uzito.

Kazi ya kijungu ina adabu yake. Hukishiki kwa vidole, unatumia koleo, kwa sababu hata mafuta ya ngozi yana uzito na mizani inasoma hadi sehemu ya elfu kumi ya gramu. Ukikitoa kwenye tanuru la nyuzi 1,000 ukakitua juu ya saruji baridi, kinapasuka, na kazi ya asubuhi nzima imepotea.

Katika orodha ya forodha inayotumika duniani, vyombo hivi viko kwenye kifungu 6909. Vya kaure vina namba yake, na vilivyo vigumu sana, kuanzia 9 kwa kipimo cha Mohs, vina namba nyingine. Vinauzwa na Ujerumani, China, India. Vikija kwetu vinashuka Dar es Salaam au Durban, vinavuka Zambia, halafu foleni ya mpakani Kasumbalesa. Maabara ndogo haijazi kontena, kwa hiyo inanunua kwa mtu wa kati, na vilivyovunjika njiani anavilipia mteja.

Vile vigumu vya alumina, yaani oksidi ya alumini, tuwaachie wenzetu kwa sasa. Alumina huyeyuka ikipita nyuzi 2,000, na kuichoma kunataka unga safi na matanuru ya gharama kubwa. Lakini vijungu vya udongo wa kupimia dhahabu kwa moto? Hivyo hutupwa baada ya kutumika mara chache, na dhahabu inachimbwa Ituri, Haut-Uele na Kivu. Soko lipo ndani ya nchi.

Na ufundi si mgeni hapa. Kabla tanuru kubwa la Lubumbashi halijatoa shaba ya kwanza mwaka 1911, mafundi wa Katanga walikuwa wakiyeyusha shaba katika matanuru ya udongo wa vichuguu, wakipuliza hewa kwa mirija ya udongo. Matofali ya mji huu mpaka leo hutoka kwenye vichuguu. Sidai udongo huo utafaa kwa vijungu. Wenye chuma kingi huanza kuyeyuka mapema. Itabidi kutafuta udongo mweupe, kuuchanganya na tofali la kustahimili moto lililosagwa, na kuujaribu.

Ningependa kitivo cha Politekniki cha chuo kikuu chetu kianze, na kampuni za madini ziahidi kununua vitakavyofaulu. Kundi la kwanza lichomwe sambamba na vijungu vya Ujerumani, sampuli ileile, tanuru lilelile, na matokeo yatangazwe hata kama vyetu vitapasuka.