Ng'ombe wa Maziwa Aliyevimbiwa Kiel

Kosa langu lilikuwa kutafsiri. Nilikuwa naunda mfano wa plastiki wa nyambizi ya vita ambayo Wajerumani waliiita Milchkuh, nami kwenye simu na mama, Jumapili asubuhi, nikasema kwa Kiswahili cha kwetu Tanga: "Nipo na ng'ombe wangu wa maziwa, mama. Nimempasua toka kichwani mpaka mkiani, sasa namtia kipande cha katikati anenepe."

Kimya. Halafu nikamsikia, mbali kidogo na simu: "Kaka! Hebu njoo umsikilize huyu mtoto."

Naishi Kiel, kaskazini mwa Ujerumani. Ukishuka mpaka Laboe, pale ghuba inapofunguka, utaikuta nyambizi ya vita, U-995, imekalishwa ufukweni juu ya nguzo. Unalipa kiingilio, unaingia kwa nyuma, unainama inama mpaka unatokea mbele. Nilimpeleka mwanangu akaone. Yeye aliomba aiskrimu. Mimi nikatoka na ugonjwa.

Ila ile ya Laboe ni aina ya VII, na kila mwenye gundi nyumbani keshaiunda. Mimi niliipenda aina ya XIV. Haikuwa na hata bomba moja la kufyatulia torpedo. Kazi yake ilikuwa kukaa katikati ya Atlantiki na kuwanyonyesha wenzake: zaidi ya tani 400 za mafuta, vyakula, na mikate, kwa sababu ndani ilikuwa na tanuri. Mimi nafanya zamu ya usiku kwenye kiwanda cha mikate. Niliposoma habari ya lile tanuri niliona kama nimepata ndugu.

Ziliundwa kumi tu, zote hapahapa Kiel. Nikachagua kuunda U-461. Anayetafuta mkosi aichague namba hiyo: tarehe 30 Julai 1943, kwenye Ghuba ya Biscay, ilizamishwa na ndege ya kikosi namba 461, na herufi ya ndege yenyewe ilikuwa U.

Sasa, urefu wa aina hizi mbili ni uleule, mita 67. Tofauti ni tumbo. VII ina upana wa mita 6 na kidogo, XIV inapita 9. Nikanunua boksi la VII ya plastiki, kipimo cha 1 kwa 72, ambayo mwili wake unakuja vipande viwili, kushoto na kulia. Badala ya kuvigandisha nikavitenganisha kwa sentimita nne na nusu, katikati nikaziba kwa plastiki, puti na msasa. (Wajuzi watasema pua haikufanana. Najua. Itazameni kwa mbali.)

Nilitaka ielee kidogo nipige picha, lakini ilikuwa nyepesi kama ganda la karanga, inapinduka kila nikiiweka majini. Ilihitaji uzito. Na Jumapili Ujerumani duka la vifaa halifunguliwi hata ulie. Jikoni palikuwa na kilo tatu za maharage ya Lushoto, mama aliyatuma kwa mgeni. Nikayamimina yote tumboni mpaka sitahani, nikafunika, nikaziba kwa gundi.

Kwenye hodhi la bafuni ikakaa majini kwa adabu zote. Nikapiga picha ishirini, saa ikagongana na zamu, nikakimbilia kazini nikaiacha inaelea.

Niliporudi alfajiri ilikuwa imelala chini ya maji. Kumbe maungio yangu yalikuwa yanakunywa polepole usiku kucha. Nikaiopoa, nzito kama mtoto aliyelala, nikaiweka sebuleni karibu na hita ikauke. Karibu na hita. Maharage mabichi yaliyolowa, yamefungiwa gizani, kwenye joto. Mwanamke yeyote wa Kiswahili angenikanya, lakini wangu alikuwa kazini.

Jumanne jioni sebule ilikuwa inanuka kitu kisichosemeka. Nyambizi ilikuwa imetuna ubavu mmoja, plastiki inalia ti, ti, ti. Na simu ikaita: mjomba, kutoka Muheza. Mjomba ana ng'ombe wanne na hapendi mzaha juu ya ng'ombe.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Ng'ombe anaendeleaje?"

Ndipo ningemweleza. Lakini sikuwa nimelala, na kumweleza mjomba kitu ni kazi ya nusu siku. Nikasema ukweli jinsi ulivyokuwa mbele yangu.

"Kavimba tumbo, mjomba."

Sauti ikabadilika. "Upande gani?"

Nikatazama. "Kushoto."

"Kala nini?"

"Maharage makavu. Halafu akapata maji."

"Yailahi! Nani kampa?"

"Mimi."

"Sasa sikiliza. Huna muda wa kuita daktari. Kushoto hukohuko, nyuma ya ubavu wa mwisho, mtoboe. Usitetemeke. Toboa!"

Sijui ni usingizi au ni ile sauti ya mkubwa. Nikachukua bisibisi, nikaipapasa nyambizi nyuma ya mnara, nikachoma.

Kwanza ikatoka pumzi ndefu, pssss, na harufu iliyonitoa machozi. Halafu maungio yakaachia kutoka nyuma kwenda mbele, kwa utaratibu kabisa, kama zipu ya begi, na kilo tatu za Lushoto, ambazo sasa zilikuwa kama sita, zikamwagika zuliani. Harage moja lilitua kwenye chai yangu. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na koti lake la kazini, funguo bado mkononi.

"Gesi imetoka?" mjomba akauliza.

"Imetoka, mjomba."

"Alhamdulillahi. Leo asile kitu."

Picha niliwatumia baada ya wiki mbili, nilipokwisha kuigandisha upya na kuijaza changarawe. Mama akajibu kwa sauti ya sekunde tatu: "Hiyo si meli, mwanangu?" Mjomba akapiga. Nikamweleza mwanzo mpaka mwisho: vita, Atlantiki, mafuta, mikate. Akasikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake.

"Walikuwa wangapi, umesema?"

"Kumi, mjomba."

"Wamebaki wangapi?"

"Hata mmoja. Wa kwanza alikwenda Agosti 1942, wa mwisho Juni 1944."

Akavuta pumzi. "Kumi kwa miaka miwili. Hiyo ni ndigana kali, ile ya kupe. Walikuwa hawaogeshwi."

"Mjomba, walikuwa wanaishi majini."

"Maji matupu hayaui kupe," akasema, akakata simu.