Cardiff: ngome ya gavana au ngome ya mto?

Cardiff, mji mkuu wa Welisi tangu 1955, ulioko pwani, kwa Kiwelisi huitwa Caerdydd. Nusu ya kwanza ya jina haina ubishi: caer ni ngome, kama ilivyo katika Caernarfon. Ugomvi uko kwenye dydd.

William Camden, mtafiti wa mambo ya kale wa Uingereza aliyefariki 1623, alikisia kuwa asili yake ni Caer Didi, ngome ya Didius. Huyo ni Aulus Didius Gallus, gavana wa Kirumi huko Britania kati ya mwaka 52 na 57. Tusimcheke Camden. Warumi walijenga ngome yao ya kwanza hapo karibu na miaka hiyohiyo, na ukitazama kuta za kasri la Cardiff utaona mstari wa mawe mekundu: chini yake ni mawe ya Warumi, juu yake ni ujenzi wa juzijuzi tu. Mrumi yupo, unamgusa kwa mkono.

Lakini ukuta hautaji jina la mtu. Wanaisimu wanaelekeza kidole kwenye mto Taf, unaopita mjini hapo, kwa sababu umbo la zamani ni Caerdyf, “ngome ya Taf”. T imelainika ikawa d. Sisi tunaosema ulimi na ndimi hatuna la kushangaa hapo. Kigumu zaidi ni ile a kuwa y. Mbona Llandaf, kanisa la Taf, lililo mtaa wa pili tu, limebaki na a yake? Hili ndilo pingamizi ninaloliheshimu. Jibu lake ni kwamba Caerdyf ni jina kongwe zaidi, la enzi ambapo neno la umilikaji, kama hilo “ya Taf”, lilikuwa na kiambishi mwishoni. Kiambishi kilivuta irabu, kisha chenyewe kikadondoka.

Na dydd? Kwa Kiwelisi f husomwa v, na dd ni dh yetu ya dhahabu. Sauti hizo mbili hukaribiana sana sikioni. Vijana wengi wa London huzichanganya hadi leo. Isitoshe, dyf haikuwa na maana kwa msikilizaji wa kawaida, ilhali dydd ni “siku”. Enzi za wafalme wa Tudor, ukoo uliotawala Uingereza kati ya 1485 na 1603, maumbo yote mawili yalikuwa yakitumika. Kwa hiyo ile d ya mwisho, inayomfanya Didius aonekane ndani ya jina, ndiyo iliyochelewa kufika. Hapo mimi naachana na Camden.

Kuna kichekesho kimoja. Kwenye vibao vipya vya barabarani Caerdydd huandikwa juu na Cardiff chini, kana kwamba la chini ni la mgeni. Kumbe ni hilo la Waingereza, lenye f yake mwishoni, lililohifadhi Kiwelisi cha zamani.