Mtoto Alinipita, Akaniamkia

Najua mmeshaisikia. Yule rafiki yangu tulioshindana kwa baiskeli hakungoja hata nipake dawa kwenye kiwiko, tayari kashatangaza kwamba nilipitwa na mtoto "nikiwa nimesimama mteremkoni". Kusimama sikusimama. Nilikuwa na kilomita 33 kwa saa, kipima mwendo shahidi. Haya, sogeeni niwape yangu, maana ya kwake imetiwa chumvi hadi hailiki.

Ubishi ulianzia kwenye kitambi changu. Yeye ni mwembamba, upepo kidogo anayumba. Nikamwambia tukiachia baiskeli toka kileleni bila kupiga pedeli, mimi namwacha. Akaguna: "Vitu vyote huanguka sawasawa, shuleni ulikuwa wapi?" Sawa, lakini hiyo ni pasipo hewa. Mwaka 1971 mwanaanga David Scott alisimama Mwezini akaachia nyundo na unyoya kwa pamoja, vikatua pamoja, kwa sababu kule hakuna hewa ya kuubughudhi unyoya. Huku kwetu hewa ipo, na inapokuzuia haiulizi kilo zako. Inatazama umbo lako, upana wako na kasi yako. Wawili wakizuiwa kwa kani ileile, mwepesi ndiye anayekatwa mchapuko zaidi, yaani ule uongezekaji wa kasi. Kitambi ni mtaji! Hesabu hiyo naisimamia mpaka leo, msinitoe kwenye mstari.

Ambacho hakikuwamo kwenye hesabu ni koti la mvua.

Manyunyu yalishaanza, nami nilikuwa nimevaa koti refu la vifungo vya kubonyeza, pana la kutosha watu wawili wanaopendana. Tukaachia. Mwanzo raha tupu. Mwendo ukiwa mdogo hewa haina neno, mteremko unakuvuta na kasi inapanda yenyewe: 20, 28, 35. Nikampita. Nikageuka kumtazama kwa ile dharau ya mtu anayejua fizikia. 41.

Hapo kifungo cha kwanza kikaachia. Pa. Cha chini kabisa, karibu na goti. Nikakisikia, wala sikujali. (Nyie mnaocheka kabla sijafika, nawaona.) Ukinzani wa hewa hauongezeki taratibu kama kasi yenyewe, ukiongeza kasi mara 2, wenyewe unakuwa mara 4. Basi ile hewa iliyokuwa ikinipapasa kwenye 20, kwenye 41 ilikuwa inatafuta pa kuingilia. Pa, cha pili. Pa, cha tumboni, ambacho kitambi kilikuwa kinakiweka kwenye majaribu tangu asubuhi. Kikabaki cha shingoni tu, nacho, kwa bahati yangu mbaya, kilikuwa imara kuliko vyote. Koti likajaa upepo nyuma yangu kama tanga la jahazi. Ukosi ukanikaba koo, mikono ya koti ikavimba. Nikatupa jicho kwenye kipima mwendo: 39. Kisha 37. Jamani, niko mteremkoni, breki sijagusa, na kasi inashuka! Mteremko unanivuta vilevile, ila hewa sasa inanivuta nyuma kwa nguvu kuliko mteremko. Mchapuko umekuwa hasi. 35. Rafiki yangu huyo akapita, kainama mpaka kidevu kinagusa usukani, mabega yanatikisika kwa kicheko.

Halafu nyuma nikasikia vigurudumu. Grrrrrr.

Mtoto. Kalala kifudifudi juu ya kigari cha mbao, kashika ubao wa mbele, kajibana hivi kwamba hewa haina pa kumkamata. Uzito hana, ila upana ndiyo hana kabisa. Alipofika usawa wangu akainua uso, na adabu zake zote:

"Shikamoo, mjomba."

Nifanyeje? Salamu ya mtoto haiachwi. Nikafungua mdomo kuitikia, upepo wote ukaingia humo. Kilichotoka ni "Marhhhaaa", na aliyekuwa anaitikiwa alishafika kwenye kona. Kipima mwendo kikasoma 33, na hiyo ndiyo ile namba niliyowaambia.

Mengine mafupi. Nikataka kulikusanya koti kwa mkono mmoja, likapoteza upepo, pindo likashuka moja kwa moja kwenye spoku za gurudumu la nyuma. Nyasi. Kiwiko. Mnyororo ukachomoka. Kofia ngumu ilifanya kazi yake. Dau nimelipa, tuyaache. Mtoto alirudi akikokota kigari chake, akaniuliza kwa upole kwa nini sikulala kifudifudi, nikamwambia aende nyumbani.

Koti lipo, anayelitaka aje alichukue. Mgongoni sasa lina tundu la kupita kichwa, kwa hiyo upepo hautamsumbua.