Ni wajibu wake, nimshukuru ya nini?

Jumapili ya shukrani tunaijua. Familia inaitwa mbele, kwaya inaanzisha pambio, bahasha inatua kwenye kapu. Mzee wa kanisa anasoma karatasi: wanamshukuru Mungu kwa mtoto aliyepona, kwa nyumba iliyofika kwenye lenta, kwa miaka 15 ya ndoa. Ikiwa ni sikukuu ya mavuno, kuna na jogoo na mkungu wa ndizi, navyo vinakwenda mnadani nje baada ya ibada. Desturi nzuri, sina ugomvi nayo. Nauliza tu: katika hiyo miaka 15, yule mama amesikia "asante" mara ngapi nyumbani kwake? Na yule baba je?

Ukiwauliza wanandoa Wakristo kwa nini hawashukuriani, ni wachache watakaokwambia upendo umekwisha. Jibu la kawaida ni fupi: "Ni wajibu wake." Kupika ni wajibu wake. Kuacha hela ya matumizi ni wajibu wake. Tangu lini mtu akashukuriwa kwa kufanya kazi yake? Na walioshika Biblia wana pa kuegemea. Luka 17, mstari wa 7 hadi wa 10: mtumwa amelima au amechunga mchana kutwa, akirudi jioni haambiwi aketi ale. Anaambiwa ajifunge, amhudumie bwana wake kwanza, wala hapewi asante kwa kuwa amefanya alichoagizwa.

Lakini tazama ni nani anayeambiwa maneno haya. Ni mitume, ambao mstari wa 5 wametoka kuomba waongezewe imani. Na agizo walilopewa ni la kujisemea wao wenyewe, juu ya kazi yao wenyewe: "Sisi tu watumwa wasio na faida; tumefanya tu yaliyotupasa kufanya." Hiyo ni kauli ya mtumwa akijipima. Hakuna palipoandikwa kwamba mwingine anaweza kuiokota na kumvisha mwenzake. Geuza jicho kidogo tu, mstari wa 11, utakutana na wakoma kumi. Wote kumi wametakaswa, tisa wamekwenda zao, mmoja amerudi akimtukuza Mungu kwa sauti kuu, naye ni Msamaria. Bwana akauliza, wale tisa wako wapi?

Visa hivi viwili vinapakana, na kwa maoni yangu ufuasi ndani ya ndoa unaanzia hapo mpakani. Kazi yangu naipima kwa mstari wa 10. Kazi ya mwenzangu naipokea kwa mstari wa 15 na wa 16. Nyumba nyingi zimepindua: mume anangoja asifiwe kwa gunia la mkaa alilonunua, ila chakula kilichoivia juu ya mkaa huo ni wajibu wa mtu. Mke anahesabu usiku aliokesha na mtoto mwenye homa, ila nauli na ada ya muhula zinazotoka kila mara bila kelele ni wajibu wa mtu.

Luka anasema yule mmoja alirudi "alipoona" ya kuwa amepona. Kuona ndiko kulikotangulia. Kinachokosekana majumbani mara nyingi ni macho kabla hakijawa maneno, kwa sababu kazi ya nyumba ikifanywa vizuri haionekani. Inaonekana siku ikikosekana. Kwa hiyo kabla ya kufundishana kusema asante, fanyeni zoezi hili mara moja. Chagueni siku moja ya kawaida, isiwe Jumapili wala sikukuu. Kila mmoja aandike kwenye karatasi yake kila alichofanya kwa ajili ya nyumba tangu saa 11 alfajiri hadi saa 4 usiku. Andikeni na vidogo: nani aliona umeme wa LUKU unakaribia kwisha, nani anakumbuka tarehe ya chanjo, nani alipiga simu kwa mama mkwe, nani alikwenda kikao cha wazazi, nani alisimama kwenye foleni ya maji, nani anabeba kichwani deni la kikoba. Usiku badilishaneni karatasi, msome kimya. Msilinganishe urefu, ukianza kusema "yangu ina mistari mingi" zoezi limekufa. Kila mmoja achague kwenye karatasi ya mwenzake mambo mawili ambayo hakujua kwamba yanafanyika.

Kisha ndiyo yaje maneno, na hapo mwalimu mzuri ni Paulo. Anapowaandikia Wathesalonike barua ya kwanza, mlango wa 1 mstari wa 2 na wa 3, anamshukuru Mungu kwa ajili yao, na papo hapo anawajulisha kwamba anafanya hivyo, tena anataja kitu chenyewe: kazi yao ya imani, taabu yao ya upendo, saburi yao ya tumaini. Hakusema "nawashukuru kwa yote". "Asante kwa yote" ni neno la kwenye kadi ya harusi. Halimgusi mtu kwa sababu halimtazami. Asante inayofika ina sehemu tatu: alichofanya, kilichomgharimu, na kilivyokufaa. "Uliamka saa 10 ukapiga pasi sare za watoto, na jana ulichelewa kulala, nimetoka nyumbani bila haraka." Imekwisha. Sentensi moja, nusu dakika.

Muda unaofaa ni dakika kumi, watoto wakishalala, simu zikiwa chumba kingine. Mara tatu kwa wiki zinatosha kuanzia. Wanaoahidi kila siku huishia siku ya nne. Kila mmoja aseme asante moja ya namna hiyo, msome mistari michache isiyozidi kumi, mwombe kwa ufupi, mlale. Anayeongoza abadilike. Zaburi 103 ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa sababu Daudi anaiambia nafsi yake isisahau fadhili za Bwana, kisha anazihesabu moja moja.

Sasa yanayoharibu, maana hapa ndipo wengi hukwama.

La kwanza ni asante yenye mkia. "Asante kwa chakula, ila chumvi leo ilizidi." Mkia ndio utakaokumbukwa. Kama chumvi ni tatizo, itajwe kesho wakati wa kupika. La pili ni asante ya kulainisha, ile inayokuja dakika tano kabla ya kuomba hela ya kitenge cha sare au ruhusa ya kwenda kutazama mpira. Baada ya mara mbili tatu mwenzako akisikia asante anashika pochi. Ukiwa na ombi, lipeleke likiwa ombi.

La tatu ndilo baya zaidi, na wacha Mungu ndio tunaoliongoza: sala yenye mishale. "Ee Bwana, mguse mtumishi wako apate roho ya kurudi nyumbani mapema." "Baba, mfundishe binti yako ulimi wa upole." Macho yamefumbwa, mikono imeshikana, na mtu anachapwa mbele za Mungu asiweze hata kujibu, kwa sababu nani atakatiza sala? Katika zile dakika kumi wekeni sheria: mwenzako anaombewa kwa alichokiomba yeye mwenyewe. Muulize kwanza, "Nikuombee nini?" Akisema mgongo, omba mgongo.

Kuonyana kupo, kuna saa yake. Hata hapo Paulo anatufaa. Wakorintho walikuwa na fitina, kesi mahakamani na uzinzi wa kutisha, na bado katika barua ya kwanza anaanza mstari wa 4 kwa kumshukuru Mungu kwa ajili yao, ndipo mstari wa 10 anaingia kwenye magomvi. Hakuwa akiwapaka mafuta. Vile vipawa alivyovitaja walikuwa navyo kweli. Wagalatia alipowakasirikia hakuwapa neno la shukrani kabisa, aliingia moja kwa moja. Kwa hiyo siku ya kuingia moja kwa moja ipo, lakini katika barua zake zote kwa makanisa ni ya nadra.

Na kosa likishatendeka? Afrika Mashariki tuna urithi wetu katika hili. Uamsho uliowaka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Kenya na Tanganyika ulikuwa na neno lake: kutembea nuruni, kutoka 1 Yohana 1:7. Ndugu waliungama dhambi kwa majina yake, wakarudisha walichoiba, wakapatana na waliowakosea, ndipo wakaimba Tukutendereza, wimbo wa Kiganda wa kumsifu Yesu. Wanandoa wa uamsho walijua kwamba "nisamehe kama nimekukosea" si toba. Hilo "kama" linamrudishia mkosewa kazi ya kuthibitisha. Toba ina jina la kosa: "Nilikuambia mshahara umechelewa, haukuchelewa, nilimpa rafiki yangu shilingi 80,000." Kisha ina marejesho: hela hiyo itarudi lini, kwa kiasi gani kila mwezi. Urithi huu una shimo lake pia. Kuna wanaokuja nuruni na dhambi za wenzao, wakisimama kwenye ushirika kueleza jinsi walivyovumilia waume au wake wagumu. Ungamo lako ni lako; la mwenzako mwachie mwenyewe, hata kama ushuhuda utapungua utamu.

Kuna jambo jingine watu wa kanisani hatupendi kuliangalia, nalo ni ratiba. Katika mfano wa karamu kuu, Luka 14:20, mmoja anajitetea: "Nimeoa mke, na kwa sababu hiyo siwezi kuja." Siku hizi udhuru umegeuzwa: nina huduma, kwa sababu hiyo siwezi kuja nyumbani. Hesabu jioni za mwanakwaya ambaye pia ni kiongozi wa jumuiya: mazoezi Jumanne na Alhamisi, jumuiya Jumatano, mkesha Ijumaa, mazoezi ya mwisho Jumamosi, ibada na vikao Jumapili. Imebaki Jumatatu, na Jumatatu kuna kamati ya harusi ya mtu. Huyo anaandaa ndoa za wengine wakati yake inakula kiporo. 1 Timotheo 3:5 inauliza asiyejua kuisimamia nyumba yake atalitunzaje Kanisa la Mungu. Ushauri wangu ni wa kikalamu tu: jioni mbili za nyumbani ziandikwe kwenye kalenda kabla ya nyingine yoyote, na huduma isiyopata nafasi ikabidhiwe mtu mwingine kwa barua, mwezi mmoja kabla. Kwaya haitakufa.

Sasa nizungumzie mahali ambapo mafundisho ya shukrani yameumiza watu. Mke anapigwa, anakwenda kwa viongozi, anaambiwa "shukuruni kwa kila jambo" na kurudishwa alikotoka. Huo ni mstari ulionyongwa. Katika Kigiriki 1 Wathesalonike 5:18 inasema katika kila jambo. Mtu anaweza kumshukuru Mungu akiwa katika shida bila kuishukuru ngumi. Ukinijibu kwa Waefeso 5:20, ambako imeandikwa "kwa mambo yote", endelea kusoma. Mstari wa 21 ni kunyenyekeana, na katika baadhi ya nakala za kale sana za Kigiriki mstari wa 22 kwa wake hauna hata kitenzi chake, unakiazima hapo kwenye 21. Shukrani, kunyenyekeana na ndoa ni pumzi moja. Anayepiga ameikata pumzi hiyo, hana haki ya kunukuu kipande. Mwenye kuhubiriwa ni yeye, na andiko lake ni 1 Petro 3:7: mume asiyekaa na mkewe kwa akili na heshima, kuomba kwake kunazuiliwa. Na aliyepigwa asindikizwe hospitali, kisha Dawati la Jinsia na Watoto lililopo kwenye vituo vya polisi. Dakika kumi za jioni hazihusiki hapa mpaka usalama upatikane.

Kwa waliosalimika na hilo, tarajieni ugeni wiki ya kwanza. Ukimwambia mwenzako asante kwa kuchota maji, huenda akakutazama na kuuliza, "Umevunja nini?" Usijieleze sana, wala usidai na yeye aseme yake; mkoma yule hakurudi ili ashukuriwe. Wengine huchukua miezi miwili kabla hawajajibu, hasa waliolelewa kwenye nyumba ambazo sifa ilikuwa ya wageni.

Na mkiwa mnajiandaa kwenda mbele Jumapili ijayo, mnaandika ile karatasi ya mzee wa kanisa, iandikeni Ijumaa usiku, wawili, mezani. Mkifika kwenye "miaka 15 ya ndoa", simameni hapo. Kila mmoja amwambie mwenzake ni nini hasa kilichoifikisha 15. Kama mnagundua mmoja hawezi kusema, au kuna neno limekaa kooni tangu Pasaka, Mathayo 5:24 imeruhusu sadaka iachwe kwanza. Mtunza hazina wa usharika ataipokea bahasha hiyo hiyo Jumapili inayofuata.