Si pombe, jamani, ni matandazo

Ile sauti inayozunguka kwenye magrupu, ya mtu anayecheka mpaka anakohoa huku akisema "kakutwa na mitungi ya pombe bustanini, mbele ya mama mkwe," ni ya rafiki yangu, na anayesemwa ni mimi. Naomba nirekebishe mawili tu. Haikuwa mitungi, ilikuwa mifuko ya nailoni. Na haikuwa pombe. Yaani, haikuwa pombe ya makusudi.

Mnaonifuata mnajua nilivyowachosha na habari za matandazo, yaani nyasi au vipande vya mti unavyotandaza juu ya udongo kuzunguka mimea. Nyasi mbichi zisizidi sentimita 2 au 3 kwa mkupuo, zikauke ndipo uongeze, la sivyo zinagandamana, zinachemka na kuoza kwa utelezi. Vipande vya mti vilivyosagwa, sentimita 5 hadi 8. Na visiguse shina kabisa, acha nafasi ya kiganja. Kuna ndugu humu nilimuuliza kwa nini mchungwa wake kauvisha sweta. Ndugu, leo ni zamu yako, cheka.

Mti ulikatwa, mashine ikausaga ungali mbichi, matawi na majani yake yote. Mali safi, tena ya bure. Mvua ikavinyeshea vipande, nami nikavijaza hivyo hivyo vibichi kwenye mifuko minene ya nailoni, nikashindilia kwa mguu viingie vingi, nikakaza midomo kwa waya, nikaipanga ukutani palipo na jua, nikaisahau. Kila kitendo katika sentensi hiyo ni kosa, na niliyafuata kwa mpangilio.

Sasa mama mkwe. Huyu mama ananiheshimu kwa jambo moja tu maishani, nalo ni bustani. Alipokuja kututembelea akasema, "Baba, hebu nionyeshe hayo matandazo unayoyahubiri kila siku." Rafiki yangu naye alikuwepo, simu mkononi, akirekodi video. Nikaenda ukutani kifua mbele.

Mfuko ulikuwa umevimba. Hebu tusimame hapo kidogo. Mfuko wa vipande vya mti hauna sababu yoyote ya kuvimba. Mtu mwenye akili angejiuliza. Mimi nikachomoa kisu.

Ulipumua. Fyuuuu, ndefu, ya vuguvugu, moja kwa moja usoni. Kwanza ikaja siki, ile inayopitia puani na kutokea machoni. Nyuma yake ikaja pombe, kali, ya mapipa. Nilipodhani imekwisha, likapanda kutoka chini yai viza. Mama mkwe akarudi hatua moja nyuma, akaziba pua kwa ncha ya mtandio. Akautazama mfuko. Akanitazama mimi. Halafu macho yake yakaanza kuhesabu mifuko mingine iliyojipanga ukutani, mmoja mmoja, na mimi nikajikuta nahesabu naye.

"Baba," akasema taratibu, "unauza, au unakunywa mwenyewe?"

"Mama, ni matandazo."

"Ndivyo yanavyoitwa siku hizi?"

Hapo ndipo ningefunga mdomo, wangu na wa mfuko. Lakini heshima ya mkwe ilikuwa inavuja, nikaona niizibe kwa vitendo. Nikachota mikono miwili, vya moto, vyeusi, vinachuruzika, nikavimwaga kwenye tuta la nyanya huku nikifundisha kwa sauti ya mkutano wa hadhara. Nikapima kwa rula, sentimita 8. Nikaacha nafasi kuzunguka kila shina. Jamani, nilitandaza vizuri! Ukiitazama ile video bila pua, ni somo zuri sana.

Jioni ilipokaribia, majani ya chini ya nyanya yakaanza kupauka. Kingo kwanza, kisha jani zima, rangi ya kitu kilichomwagiwa maji ya moto. Mama mkwe alikuwa bado yupo, bila shaka. Akainama, akalishika jani moja kwa vidole viwili.

"Hata nyanya zimelewa," akasema. Rafiki yangu alilala chini kwa kicheko, na mengine mmeyasikia.

Kilichotokea ni hiki. Vipande vibichi vyenye majani vina sukari na maji mengi. Bakteria wanavila, joto linapanda, hewa inakwisha. Ndani ya nailoni iliyofungwa haiingii nyingine, basi kazi inachukuliwa na wale wasiohitaji oksijeni, nao hutoa asidi ya siki, alkoholi na ile gesi ya yai viza. Matandazo yaliyochacha hivyo yanaweza kushuka hadi pH 2 au 3 (pH ni kipimo cha asidi, namba ikishuka ukali unapanda). Ukiyamwaga, mvuke na asidi vinaiunguza mimea laini, wakati mwingine ndani ya saa chache tu. Miti mikubwa haitishiki. (Na wewe uliyeuliza kama inanyweka: moja ya hizo alkoholi ni methanoli, inapofua macho na kuua. Acha.)

Nikayaondoa kwa reki, nikamwagilia maji mengi asidi isukumwe chini, nyanya nyingi zikachipua upya, chache zimekwenda. Mifuko iliyobaki niliimwaga, nikaitandaza nyembamba na kuigeuza kila mara mpaka harufu ikarudi kuwa ya mti. Yakipata hewa yanapona, huna haja ya kuyatupa.

Wanaouliza jinsi ya kuhifadhi: lundo lililo wazi, lisilozidi mita moja na kitu, ligeuzwe. Kama lazima mfuko, uwe unaopitisha hewa na mdomo usifungwe. Kabla ya kutandaza, chimbua katikati ya lundo unuse. Mbao au udongo, endelea. Siki, pombe au amonia (ile harufu kama ya mkojo uliokaa), subiri. Na yule aliyeuliza kama vumbi la mbao linafaa: likikaa juu ya udongo halisumbui sana, ukilichanganya ndani ndipo bakteria wanapokomba naitrojeni, chakula cha mimea, na mboga zinageuka njano. Kwa nyanya mimi nimehamia kwenye nyasi kavu zilizokatwa kabla ya kutoa mbegu. Vipande vya mti vimekwenda njiani na chini ya miti.

Mama mkwe naye kaomba mifuko miwili ya miti yake ya matunda. Kasema niipeleke mchana kweupe, midomo wazi, na nisimwage hata kipande mpaka yeye anuse kwanza.